Nakala Ambayo Hujawahi Kuifungua: Mwongozo Kamili wa Kutunza Data Zako

Alifika dukani kabla sijamaliza kufagia. "Shikamoo dada. Naomba unitolee tasnifu yangu, kopi tatu, halafu nikimbilie kwa wanaofunga vitabu." Nikaitikia, nikapokea flashi yake, nikaichomeka. Ndani kulikuwa na folda moja iliyoandikwa MWISHO KABISA, na ndani ya folda faili moja tu. Kabla sijalibofya nikaona kimshale kidogo kwenye pembe ya chini ya alama yake. Nikaangalia ukubwa: KB 2. Tasnifu ya kurasa themanini na kitu, yenye ramani na majedwali, haiwezi kuwa KB 2.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hii ni njia ya mkato tu. Kazi yenyewe imebaki kwenye laptopu."

Akanyamaza. Laptopu ilikuwa imeibwa wiki moja kabla.

Kwa miezi minne kijana yule alitembea na ile flashi akijua ana akiba. Kila alipomaliza kuandika alishika alama iliyokuwa kwenye uso wa kompyuta, akainakili. Alichokuwa akinakili ni kibao kinachoelekeza faili liko wapi. Faili lenyewe halikuwahi kutoka kwenye laptopu. Na kwa miezi yote minne hakuichomeka flashi ile kwenye kompyuta nyingine hata mara moja, maana angegundua siku hiyohiyo.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi Morogoro. Wateja wangu ni wanafunzi wa vyuo, makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, wenye maduka wanaoleta hesabu zao, na kina mama wanaotaka picha za marehemu zisafishwe. Nimeona data zikipotea kwa njia nyingi, na mara nyingi mtu alikuwa amejitahidi kuweka akiba. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye kuzijaribu nakala kuliko kuzitengeneza. Nakala ambayo hujawahi kuifungua mahali pengine, usiihesabu.

Hatua ya kwanza: andika una nini na kiko wapi

Chukua karatasi. Andika vyombo vyote vyenye kitu chako: simu, simu ya zamani iliyo kabatini, laptopu, memori kadi, flashi, barua pepe, WhatsApp. Mbele ya kila kimoja andika kilichomo. Kisha jiulize: hiki kikipotea usiku wa leo, nitakipata wapi?

Utagundua vitu vinajigawa vyenyewe. Viko ambavyo havirudi kabisa: picha za watoto, sauti ya mzazi aliyefariki iliyobaki kwenye ujumbe wa WhatsApp, tasnifu, daftari la kikundi lenye hisa na mikopo ya watu thelathini. Viko vinavyorudi kwa taabu na nauli, kama nakala za vyeti, mikataba na hati ya kiwanja. Na viko vinavyorudi bila shida: filamu, nyimbo, programu. Hilo fungu la mwisho ndilo linalojaza diski za watu na kumaliza bando. Liache. Mwongozo huu unahusu mafungu mawili ya kwanza.

Mwenye biashara aongeze jambo moja. Risiti za mashine hutolewa kwenye karatasi inayochapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani, hufifia upesi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 hapa Tanzania inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Piga picha kila risiti siku unayoipokea, uiweke kwenye folda ya mwezi husika. Nimeshawahi kuletewa boksi zima la karatasi nyeupe, mwenyewe akiuliza kama kuna mashine ya kuyarudisha maandishi.

Hatua ya pili: tatu, mbili, moja

Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Kila kitu muhimu kiwe na nakala 3, ukihesabu na ile unayoifanyia kazi. Nakala hizo zikae kwenye vyombo vya aina 2 tofauti. Na 1 kati yake ikae mahali pengine kabisa, nje ya nyumba au ofisi.

Watu hufanya vizuri sehemu mbili za kwanza na kuipuuza ya tatu. Mimi niliipuuza. Nilikuwa na kompyuta ya duka na hadidiski ya nje, na kila jioni ninanakili kwa uaminifu, kisha ninaiweka hadidiski juu ya rafu ileile ya kompyuta. Wezi walipoingia walibeba vyote viwili kwa mkupuo. Hata waya wake walichukua. Picha za paspoti za wateja wa miaka mitatu na hesabu zangu zote ziliondoka usiku ule, na nidhamu yangu yote ya kila jioni haikunisaidia chochote.

Hata makampuni makubwa hukutwa na hili. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva (kompyuta zinazotunza data za wateja) la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Kulikuwa na wateja ambao data zao na nakala zao zote zilikuwa katika eneo lilelile, na wengine wao hawakuzipata tena. Moto, maji na mwizi haviulizi ipi ni nakala na ipi ni asili.

"Mahali pengine" si lazima pawe mbali wala pa gharama. Yangu sasa inakaa kwa dada yangu anayeishi Kihonda, kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani ya kabati la nguo. Kila mwisho wa mwezi tunabadilishana: nampelekea diski mpya, narudi na ya zamani. Wewe unaweza kuweka kwa mzazi, kwa mweka hazina wa kikundi, au kwenye akaunti ya mtandaoni. Ukiwa unaishi Tanga, Mombasa au Unguja, weka ndani ya kopo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kwa sababu hewa ya pwani hula vyuma.

Kabla hatujaendelea, kuna mambo mawili ambayo watu huyaita nakala na siyo. La kwanza ni kuhamisha. Ukitoa picha kwenye simu ukaziweka kwenye hadidiski ili simu ipate nafasi, bado una nakala moja tu, umeihamisha nyumba. La pili ni kusawazisha. Akaunti ya picha inayofanana simuni na mtandaoni hufuata unachofanya: ukifuta picha ndani ya programu yenyewe, inafutika pande zote. Kwenye Google Photos picha iliyokwisha kupakiwa hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha ndiyo basi. Usawazishaji unakukinga simu ikipotea. Kidole kikikosea, haukukingi.

Hatua ya tatu: nunua chombo, kisha ukipime kabla hujakiamini

Flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni feki. Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo, tuseme GB 16, na programu iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Utanakili GB 200 bila tatizo lolote, majina yote utayaona, na hapo ndipo ubaya ulipo: baada ya GB 16 za kwanza, mengine hayakuandikwa popote, au yameandikwa juu ya yale ya mwanzo. Ukija kufungua, faili limeharibika.

Dawa ni kupima siku unayonunua, ungali na risiti. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw. Kwenye Linux na Mac iko F3. Zinajaza chombo chote kisha zinasoma zilichoandika na kukuambia ukubwa wa kweli. Huna intaneti? Ijaze flashi kwa video kubwa mpaka iseme imejaa, ichomoe, ichomeke upya, halafu ucheze video ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zote zikicheza mpaka mwisho, ni nzima. Inachukua saa kadhaa, na ni saa za kujitolea kwa moyo.

Kwa akiba ya nyumbani au ya duka dogo, hadidiski ya kawaida ya TB 1 inatosha watu wengi. Ina sahani inayozunguka ndani, kwa hiyo usiitikise wala kuiangusha ikiwa inafanya kazi. SSD, aina nyingine ya diski, haina kinachozunguka, ina kasi na huvumilia kuanguka, lakini si chombo cha kufungia kabatini miaka mingi bila kukipatia umeme, maana kumbukumbu yake inaweza kudhoofika. Flashi ni ya kubebea kazi kutoka hapa kwenda pale. Usiitegemee kama akiba yako pekee.

Ukitaka kuifomati diski mpya, yaani kuiandaa ipokee mafaili, chagua mpangilio wa exFAT ikiwa utaitumia kwenye Windows na Mac. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na ndiyo sababu video ya harusi inagoma wakati diski bado ina nafasi tele. Kumbuka kufomati kunafuta kilichomo, kwa hiyo fanya hivyo siku ya kwanza tu.

Na kabla ya kuchomoa, iambie kompyuta iitoe kwa usalama. Data nyingine huwa bado ziko njiani wakati wewe unaona kazi imekwisha. Kwa umeme wetu huu wa kukatika, mwenye kompyuta ya mezani anunue na UPS, betri ya akiba ya kompyuta, hata ndogo ya kumpa dakika kumi za kuhifadhi na kuzima.

Hadidiski inayotoka nje ya nyumba ifungwe kwa neno la siri. Ndani yake kuna namba za vitambulisho vya watu, picha zao, hesabu zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Mwenye biashara anayepoteza data za wateja anawajibika. Windows ya toleo la Pro ina BitLocker, Mac ina kinga yake, na VeraCrypt ni ya bure kwa wote. Neno la siri hilo ukilisahau hakuna fundi atakayekusaidia, hivyo liandike kwenye karatasi na uiweke mbali na diski yenyewe. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe hivi bila wewe kujua, na ufunguo wake unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha. Ukiinunua dukani ikiwa imeshafunguliwa kwa akaunti ya muuzaji, ufunguo uko kwake. Lishughulikie hilo leo.

Hatua ya nne: nakili kwenye kompyuta kwa utaratibu mmoja

Kwanza kusanya. Tengeneza folda moja, iite KAZI, na kila unachokiunda kiingie humo. Usiweke faili zako kwenye uso wa kompyuta, maana ndiko zinakochanganyika na njia za mkato. Majina yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2025-03-14 sura ya nne. Yatajipanga yenyewe, nawe hutahitaji MWISHO, MWISHO 2 na MWISHO KABISA.

Kisha chomeka hadidiski, tengeneza folda yenye tarehe ya leo, unakili KAZI yote ndani yake. Wiki ijayo tengeneza folda nyingine, usiandike juu ya ile ya kwanza. Ukibaki na folda nne za wiki nne, faili lililoharibika Jumanne bila wewe kujua utalikuta zima kwenye nakala ya wiki iliyopita. Nafasi ikikwisha, futa ya zamani kuliko zote.

Anayependa amri kwenye Windows anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika hivi, akibadilisha herufi za diski:

robocopy C:\KAZI E:\2025-03-14\KAZI /E /R:2 /W:5

Inanakili folda na matumbo yake yote, na mwishoni inatoa jedwali la mafaili mangapi yamepita na mangapi yameshindikana. Soma safu ya yaliyoshindikana. Kuna wanaoshauri uongeze /MIR. Mimi nakusihi usiiguse mpaka uielewe, kwa sababu inafuta upande wa pili kila kisichopo upande wa kwanza. Ukikosea mwelekeo, umefuta akiba yako kwa mkono wako. Wasiotaka amri watumie File History ya Windows, na wenye Mac watumie Time Machine. Zote ni nzuri na zinatunza matoleo ya nyuma.

Ukimaliza, ichomoe. Hili nalitilia mkazo. Diski iliyochomekwa saa zote inaumwa pamoja na kompyuta: radi, virusi, mtoto. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hutafuta pia diski zilizounganishwa.

Mwezi Juni 2017 virusi vya NotPetya vilienea duniani, na kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ikapigwa vibaya mno. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, ambazo bila hizo mtandao wa kampuni haujengeki upya, zilikuwa zaidi ya mia na kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake. Zilisawazishana zenyewe, na wahandisi waliona hiyo ni kinga. Zote zilifutwa. Ilisalimika moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ilikuwa imetoka mtandaoni virusi vilipopita. Intaneti ya pale haikuwa na kasi ya kutosha kuituma data ile hadi Uingereza, ikabidi ibebwe kwa mkono: mfanyakazi wa Ghana akasafiri hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege, naye akapanda nayo kwenda London. Baadaye mwenyekiti wa kampuni alieleza kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Kampuni kubwa namna ile iliokolewa na kukatika kwa umeme. Wewe usisubiri umeme ukatike, chomoa waya.

Hatua ya tano: simu, ambako maisha yako mengi yapo

Anza na majina ya watu. Fungua orodha ya namba uangalie yanahifadhiwa wapi: kwenye laini, kwenye simu, au kwenye akaunti ya Google. Yahamishie kwenye akaunti. Ni dogo hili, lakini ndilo linalowaliza watu wengi simu ikiibwa kwenye daladala.

Halafu WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya gumzo, kisha nakala rudufu. Chagua akaunti, chagua iwe kila wiki au kila siku, na uiruhusu kwa Wi-Fi pekee kama bando linakubana. Video ziondoe, ndizo nzito kuliko vyote. Kwenye Android nakala hiyo huingia kwenye Google na huhesabiwa ndani ya GB 15 za bure, ambazo ni za pamoja na barua pepe na picha. Kwenye iPhone huingia iCloud, na bure ni GB 5 tu. Nafasi ikijaa nakala inasimama kimyakimya, wakati wewe unaendelea kujua ipo. Kila mwezi angalia tarehe ya nakala ya mwisho, imeandikwa palepale. Ukiwasha ufungaji wa nakala kwa neno la siri, au ule ufunguo wa tarakimu 64, andika karatasini.

Picha na sauti za WhatsApp unaweza pia kuzitoa kwa kebo. Unganisha simu na kompyuta, ruhusu kuhamisha mafaili, kisha nakili folda ya DCIM, ambako kamera huweka picha, na ile ya Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media. Humo ndani ndimo zilimo sauti za watu waliokwisha tutoka. Kila ninapomsaidia mtu kuzitoa hizi, huwa namwachia kiti asikilize peke yake.

Memori kadi iliyowekwa kama sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu haisomeki kwenye simu nyingine. Simu ikifa, kadi imekufa nayo.

Na akaunti yenyewe uilinde. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, lakini fikiria hili: simu ikiibwa, ujumbe wenye namba ya siri unaenda kwenye laini iliyo mkononi mwa mwizi. Google itakupa seti ya namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8. Zichape, zikunje, ziweke pamoja na vyeti vyako. Akaunti usiyoiingia kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo. Kama una ile ya zamani yenye picha za chuo, ingia leo.

Usiegemee mtandao peke yake, hata hivyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya na nchi jirani. Picha zilikuwa salama zilipokuwa, ila siku ile asingeweza kuzifikia aliyezihitaji. Hadidiski ya kabatini haihitaji waya wa baharini.

Hatua ya sita: irejeshe, ukiwa bado hujapoteza kitu

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Wakakimbilia nakala. Walikuwa na njia tano za kunakili, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ikishindwa kila inapojaribu, na barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua, kwa hiyo hakuna aliyezisoma. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita kabla kwa shughuli nyingine, na kazi za saa hizo sita zikapotea. Hao ni wataalamu wa kulipwa. Sasa mfikirie kijana wa hosteli na folda yake.

Jaribio langu ni hili, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na halizidi nusu saa.

Chukua diski ya nakala, nenda nayo kwenye kompyuta nyingine. Sharti iwe nyingine: ya jirani, ya ofisini, ya duka kama langu. Kwenye kompyuta yako njia ya mkato itafunguka vizuri kabisa na kukudanganya, kwa kuwa faili halisi lipo palepale. Tazama alama za mafaili. Yenye kimshale pembeni siyo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, angalia sifa zake, ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa na ile ya kwenu.

Kisha fungua mafaili matatu: la zamani kuliko yote, jipya kuliko yote, na kubwa kuliko yote. Kufungua maana yake ni kwenda hadi ukurasa wa mwisho. Jedwali la kikundi, nenda mstari wa mwisho uone mkopo wa mwisho umeandikwa. Video, iruke hadi katikati na mwisho. Kwa mwenye kutaka uhakika zaidi, kwenye dirisha la amri andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, kwa nakala na kwa asili. Mfululizo wa herufi na tarakimu utakaotokea ukilingana, mafaili yanalingana hadi nukta.

Kwa vya simu, kopa kompyuta ya mtu unayemwamini, fungua kivinjari kwenye dirisha la faragha, ingia kwenye akaunti yako, utafute picha ya wiki hii na namba ya mtu uliyemwongeza karibuni. Ukishindwa kuingia, ni bora umegundua leo ungali na simu mkononi.

Andika kwenye daftari: tarehe, diski ipi, mafaili gani umefungua. Daftari langu liko kwenye droo ya kaunta, na mara mbili limenionyesha diski iliyokuwa inaanza kuchoka, inafungua faili kwa kusitasita. Niliibadilisha ikiwa bado inasoma.

Ikiwa umeshapoteza

Acha kutumia chombo hicho sasa hivi. Faili lililofutwa kwenye hadidiski, flashi au kadi mara nyingi bado lipo mpaka liandikwe juu yake, na kila picha mpya unayopiga inaweza kuwa ndiyo inayoandika. Kitoe, kipeleke kwenye kompyuta nyingine, utumie PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa mafaili, na unachookoa kihifadhi kwenye diski tofauti. Kwenye SSD matumaini ni madogo, maana nyingi hujisafisha zenyewe muda mfupi baada ya kufuta.

Hadidiski inayogonga tik, tik, tik, ichomoe mara moja. Usiiwashe tena kujaribu, usiifungue, usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana watu. Kila mzunguko unaweza kuikwaruza zaidi. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, na ni ya gharama.

Flashi ambayo folda zake zote zimegeuka njia za mkato baada ya kuchomekwa mahali ni habari tofauti na ya yule kijana: hapo virusi vimeficha folda halisi, na kwa kawaida zimo. Safisha kwa kinga ya virusi, fungua dirisha la amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako. Zitaonekana tena. Usibofye zile njia za mkato hata kidogo.

Mafaili yakiwa yamefungwa na unadaiwa fidia, tenga kompyuta na mtandao, na usichomeke diski ya akiba kabla mashine haijasafishwa na kusimikwa upya. Mradi wa No More Ransom, ambao Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ni mmojawapo wa waanzilishi wake, unatoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo.

Na kama vyote vimeshindikana, tafuta nakala ulizozisambaza bila kujua. Ndivyo tulivyofanya asubuhi ile. Nilimpa kijana kiti, tukaanza na barua pepe alizotuma: sura ya kwanza hadi ya tatu zilikuwepo, alizipeleka kwa msimamizi wake. WhatsApp ya mwenzake wa chumba ilikuwa na majedwali mawili. Nikamuuliza ya nne alishawahi kuichapisha wapi; akakumbuka kiduka karibu na hosteli, akatoka mbio, akarudi na toleo la miezi miwili nyuma, lililokuwa bado kwenye kompyuta yao kwa sababu hawakuwahi kulifuta. Ya tano haikuwepo popote. Aliichapa upya hapa dukani kwa siku tisa, hojaji zimepangwa kwenye kiti cha pembeni, na kila jioni kabla sijafunga alinipa flashi niichomeke kwenye kompyuta ya pili, nishuke hadi ukurasa wa mwisho, nimsomee sentensi iliyoko pale.